Roboti zenye umbo la mtu na magari ya kujiendesha: maswali ninayoulizwa mara kwa mara hapa Amu

Mimi ni fundi simu, kibanda changu kiko Langoni, hatua chache kutoka Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu wa Amu, yaani Lamu. Mtu huleta simu iliyokataa kuchaji, akakaa barazani kungoja, na kabla sijamaliza kufungua skurubu huwa ameshanielekezea simu ya mwenziwe: "Fundi, hebu tazama hii." Ni roboti inayocheza ngoma, au kigari kinachopeleka chakula chenyewe bila mtu. Halafu maswali yanaanza. Nimeyakusanya yale yanayorudi kila wiki, na nimeyajibu kadiri ninavyoyaelewa.

Zile roboti za kwenye video ni za kweli, au ni kazi ya kompyuta?

Nyingi ni za kweli, na si jambo la jana. Chuo Kikuu cha Waseda, Japani, kilitengeneza WABOT-1 mwaka 1973, roboti ya ukubwa wa mtu iliyotembea polepole na kushika vitu. Honda walionyesha ASIMO mwaka 2000, wakaipumzisha mwaka 2022, na kwa miaka yote hiyo haikuwahi kuuzwa dukani.

Lakini video kuwa ya kweli ni jambo moja, na maana unayoipata ndani yake ni jingine. Mimi hutazama kwanza kama imekatwakatwa, kama imeharakishwa, na kama kuna mtu mahali fulani ameshika usukani. Oktoba 2024, kampuni ya Tesla ilifanya hafla Marekani ambapo roboti zake za Optimus ziliwahudumia wageni vinywaji na kuzungumza nao. Baadaye ilijulikana kwamba binadamu walikuwa wakizisaidia kutoka mbali. Kutembea kulikuwa kwa roboti. Maneno yalikuwa ya watu.

Basi hivi leo zimefika wapi hasa?

Zimefika kiwandani na ghalani, na kwa kazi chache mno. Roboti iitwayo Digit, ya kampuni ya Agility, tangu 2024 inafanya kazi katika ghala la GXO jimbo la Georgia, Marekani: inachukua makasha ya plastiki na kuyaweka kwenye mkanda unaotembea. Roboti za kampuni ya Figure zimefanyishwa kazi katika kiwanda cha BMW cha Spartanburg, South Carolina, zikiokota vipande vya bati na kuviweka mahali pa kuchomelewa. Boston Dynamics waliiacha Atlas yao ya zamani iliyoendeshwa kwa nguvu za mafuta ya haidroli, na Aprili 2024 wakatoa mpya ya umeme mtupu. Uchina ndiko kwenye kasi kubwa ya kutengeneza nyingi na kwa bei ya chini.

Ukitaka picha ya haki, tazama mbio za Beijing za Aprili 2025, nusu marathoni ya kilomita 21 ambayo roboti zilikimbia katika njia iliyotengwa kando ya watu. Iliyoshinda, Tiangong Ultra, ilichukua saa 2 na dakika 40, ikabadilishwa betri mara tatu, na mafundi walikuwa wakikimbia pamoja nayo. Nyingine zilianguka, nyingine hazikumaliza. Nazithamini mbio zile kuliko video zote za matangazo, kwa sababu zilifanywa hadharani na kila aliyeanguka alionekana akianguka. Kilomita 21 kwa miguu miwili ya chuma ni kazi kubwa. Betri tatu za akiba njiani pia ni habari, na hatuna haki ya kuisoma nusu moja tu.

Mbona inapiga sarakasi hewani lakini bado haiwezi kazi ya hamali wa gatini?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote. Mtaalamu mmoja wa roboti, Hans Moravec, aliliandika miaka ya 1980: yale yanayotuona sisi magumu, kama hesabu na sataranji, kompyuta huyaweza mapema, na yale anayoyaweza mtoto wa mwaka mmoja, kama kutambua kitu na kukishika, ndiyo yanayoishinda.

Sarakasi ina siri yake. Sakafu inajulikana, ni tambarare na kavu. Mwili wa roboti unajulikana, uzito wake haubadiliki. Roboti imefanyishwa mruko ule maelfu kwa maelfu ya mara ndani ya kompyuta kabla haijaujaribu kwa mwili wake. Sasa simama gatini asubuhi jahazi linaposhusha saruji. Ubao kutoka jahazini unapinda katikati. Jahazi linapanda na kushuka kwa mawimbi ya kila boti inayopita. Ubao umelowa. Hamali ana mfuko wa kilo 50 begani, hatazami chini hata mara moja, nyayo zake ndizo zinazomwambia ubao umeinama kiasi gani, na bega linajisawazisha lenyewe. Mtu akimkatia njia anaita "Simile!" na papo hapo keshabadilisha hatua.

Roboti za leo zina kamera nzuri na mota zenye nguvu, lakini ngozi hazina. Hisia za kugusa, mkononi na chini ya wayo, bado ni hafifu. Kazi tunayoiita ya mtu asiye na ujuzi ndiyo inayowatoa jasho maprofesa, na hamali wa Amu anastahili kulijua hilo.

Vile vigari vidogo vya kupeleka chakula vinaweza kupita Usita wa Mui?

Vile vya magurudumu sita mnavyoviona ni vya kampuni ya Starship, iliyoanzishwa mwaka 2014 na chimbuko lake ni Estonia. Vinakwenda kwa mwendo wa mtu anayetembea, kilomita 6 kwa saa hivi, na vimeshapeleka mamilioni ya vifurushi. Si mchezo. Ila tazama vinapofanya kazi: njia za waendao kwa miguu za Milton Keynes kule Uingereza, na vyuo vikuu vya Marekani. Milton Keynes ni mji uliochorwa upya katika karne iliyopita, na njia pana za miguu na baiskeli zikachorwa pamoja nao.

Mji wetu umechorwa na punda. Niliazima tepu ya fundi cherahani jirani yangu nikapima kutoka kibandani hadi nyumbani kwa mama. Kichochoro chembamba kina sentimita 94 kutoka ukuta hadi ukuta. Kuna ngazi tatu, ya katikati ina kimo cha sentimita 23 na imelika upande mmoja kwa miaka ya miguu. Kuna mtaro wa maji usiofunikwa. Nilipokuwa nimechutama na tepu yangu wakaja punda wawili wenye shogi za mchanga, na nyuma yao kijana na mkokoteni wa makreti ya soda. Sote wanne, pamoja na mimi, tulipishana. Punda wa kwanza alijibana ukutani bila kuambiwa, wa pili akangoja pembeni, kijana akarudi nyuma hatua mbili, mimi nikapanda baraza ya mtu. Hakuna aliyetoa amri.

Kigari kingetosha kwa upana, hilo sina shaka nalo. Kingefanya nini pale? Kimefunzwa kusimama kikiona kizuizi. Kingesimama, na punda mwenye mzigo hasimami. Halafu kuna jambo la mahali: kati ya kuta ndefu za matumbawe mawimbi ya setilaiti hugongagonga, ndiyo maana ramani ya simu yako inakuonyesha uko juu ya paa la jirani. Vigari vina kamera za kusaidia hilo, lakini lazima kwanza mtu aipige ramani njia nzima.

Hata huko kwenye njia pana mambo hayakuwa laini. Amazon waliufunga mradi wao wa vigari vya Scout mwaka 2022, na FedEx wakaufunga wa Roxo mwaka huohuo.

Na magari makubwa yasiyo na dereva?

Yapo, na yamekwenda mbali kuliko roboti za miguu. Waymo, iliyoanza ndani ya Google mwaka 2009, imekuwa ikibeba abiria bila dereva Phoenix tangu 2020 na kisha San Francisco na miji mingine. Malori ya Aurora yalianza safari za mizigo kati ya Dallas na Houston bila mtu kwenye usukani mwaka 2025. Ajali pia zimetokea: Oktoba 2023 teksi isiyo na dereva ya Cruise, kampuni ya General Motors, ilimburuta mwenda kwa miguu San Francisco baada ya gari jingine kumgonga kwanza, na mwishoni mwa 2024 General Motors wakaacha kuugharimia mradi wa teksi zile. Kwetu kisiwani ambako magari ni ya kuhesabu, swali hili ni la ng'ambo, kule Mokowe bara.

Kwa hivyo Amu hatuna chetu katika mambo haya?

Tunacho, na kiko angani. Watu wanaitazama roboti ya miguu kwa sababu inafanana nasi, na wanakipita chombo kinachotufaa zaidi: ndege ndogo isiyo na rubani, yaani droni ya mizigo.

Rwanda ilianza Oktoba 2016. Kampuni ya Zipline inarusha ndege ndogo za umeme zenye mabawa, zinapeleka damu kwenye hospitali za mashambani na kudondosha kasha kwa mwavuli, kisha zinarudi. Ghana ilifuata 2019, na hapa Kenya huduma hiyo imefika Kisumu. Karibu zaidi na hali yetu, mwaka 2018 watu wa DHL na wenzao walijaribu kupeleka dawa kwa droni kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe, Ziwa Victoria: kilomita 60 juu ya maji, dakika 40. Na Desemba ya mwaka huohuo, huko Vanuatu, visiwa vya Bahari ya Pasifiki, mtoto wa mwezi mmoja alichanjwa kwa chanjo iliyoletwa na droni mahali pasipofikika kwa urahisi.

Sasa pima. Kutoka Amu hadi Kizingitini, kisiwani Pate, kwa mstari ulionyooka hakufiki kilomita 60. Hata hadi kisiwa cha Kiwayu hakufiki.

Binamu yangu alijifungua kisiwani Pate akapoteza damu nyingi. Kituo alichokuwapo hakikuwa na damu ya kundi lake. Boti ilikuwapo, petroli ilikuwapo, nahodha alikuwapo, maji ndiyo hayakuwapo, yamekupwa. Nakumbuka nahodha akichomeka upondo ubavuni mwa boti, anautoa, anatazama alama ya maji, anautia tena. Kila baada ya dakika chache. Upondo ulipolowa hadi kiganja juu ya fundo tukaondoka. Binamu yangu aliponea chupuchupu, naye yuko hai, alhamdulillahi. Tangu siku ile kila nikiona ndege ile ya Rwanda ikidondosha kasha, nauona upondo ule. Damu ni kitu chepesi. Haihitaji roboti ya miguu miwili, inahitaji kitu kisichongoja maji kujaa.

Je, kusi halitaipeperusha droni?

Kusi ni tatizo la kweli. Ndege yenye mabawa hustahimili upepo kuliko zile za mapanga manne za kupigia picha za harusi, lakini kwenda kinyume cha upepo hula betri, kwa hivyo umbali unaowezekana kaskazi ikiwa shwari hautakuwa uleule mwezi wa Julai. Huduma ya namna hiyo lazima ipangwe kwa misimu, kama manahodha wetu walivyopanga siku zote.

Naweza kuagiza droni yangu mwenyewe nikaanza biashara ya kupeleka mizigo?

Usiagize kabla ya ruhusa. Kenya ina kanuni za mwaka 2020 zinazohusu ndege zisizo na rubani, na Mamlaka ya Usafiri wa Anga (KCAA) ndiyo inayotoa vibali vya kuingiza, kusajili na kurusha. Lamu ni kaunti ya mpakani yenye operesheni za usalama, na uwanja wa ndege wa Manda uko ng'ambo ya maji tu. Kijana atakayerusha bila kibali atatafuta matatizo asiyoyaweza.

Na baharini, boti isiyo na nahodha?

Norway wanayo meli ya makontena ya umeme, Yara Birkeland, iliyoanza kazi mwaka 2022 ikibeba mbolea kutoka kiwanda cha Porsgrunn hadi bandari ya Brevik. Imejengwa ili ijiendeshe, na imekuwa ikisafiri na mabaharia ndani wakati mitambo inathibitishwa. Njia yake ni fupi na imepimwa vizuri. Njia zetu kati ya mikoko huhama kila mchanga unapohama, na ramani yake imo vichwani mwa wazee.

Roboti moja ni bei gani?

Unitree ya Uchina walitangaza G1 mwaka 2024 kwa bei ya kuanzia dola 16,000, yaani zaidi ya shilingi milioni 2 kabla ya ushuru na usafiri. Ina kimo cha mita 1.3 hivi na betri yake hudumu kama saa mbili. Hiyo ya bei ya chini ni ya watafiti na maonyesho. Haiji ikijua kufua wala kupika.

Itadumu kwenye hewa yetu ya chumvi?

Hapa nazungumza kazi yangu. Nusu ya simu ninazofungua zina ugonjwa mmoja: tundu la chaji limeota ukungu wa kijani. Chumvi ya hewani imekutana na jasho la mfukoni, shaba imeanza kulika. Nasugua kwa brashi na spiriti, wakati mwingine pini moja kati ya zile ndogo imekatika kabisa, na simu nzima imekufa kwa ajili ya kipini kisichofika unene wa unywele wa brashi yangu.

Roboti ya umbo la mtu ina mota ishirini na zaidi, na kila kiungo kina nyaya, beringi na kihisi cha kupima pembe. Kila kimoja ni tundu la chaji jingine. Inaweza kuzibwa isiingie hewa, kama mashine za melini zinavyozibwa, lakini kuziba huongeza uzito na kuzuia joto kutoka, na joto la Machi hapa si la kuongezewa.

Swali linalofuata ni nani ataitengeneza. Punda akiumia, Amu ina kliniki ya punda tangu miaka ya 1980, na matibabu ni bure. Roboti ikivunjika goti, goti linaagizwa ng'ambo. Msinunue kitu, kiwe roboti au droni, kabla hamjajua spea zake ziko wapi.

Ikiingia nyumbani, nani anaona?

Hili waliniuliza kina mama wawili, na ni swali zito kuliko la bei. Oktoba 2025 kampuni ya 1X ilitangaza roboti ya nyumbani iitwayo NEO, dola 20,000. Kampuni yenyewe ilieleza kwamba kazi ambayo roboti haiijui, mtaalamu aliye mbali anaweza kuiongoza, kwa idhini ya mwenye nyumba, akitazama kupitia kamera zake. Namna hiyo ndivyo roboti zinavyofunzwa: mtu anaifanya kazi kupitia mwili wa roboti, na picha zote zinakuwa masomo yake.

Nyumba ya Kiswahili imejengwa kwa sitara. Mgeni husimama dakani, yaani kwenye ukumbi wa mlangoni, hodi inaitikiwa, na mlango umepinda ili jicho la njiani lisifike kiwandani, yaani ua wa ndani. Wajenzi wetu walilifikiria jicho la mgeni karne nyingi kabla ya kamera. Roboti inayotembea kutoka jikoni hadi ndani na jicho la mtu wa bara jingine kichwani mwake inavuka vizingiti vyote hivyo kwa mara moja. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, nayo inakupa haki ya kujua taarifa zako zinakwenda wapi. Itumieni. Kwangu mimi jibu ni fupi: haingii ndani ya nyumba yangu mpaka kazi yote ifanyike ndani ya kifaa chenyewe bila picha kutoka nje.

Hamali na wenye punda watakula nini?

Siioni roboti ya miguu ikimpokonya hamali wa mjini kazi kwa miaka mingi ijayo, kwa sababu nilizozitaja. Hatari iko mahali pengine. Bandari mpya ya Lamu pale Kililana ilifungua gati lake la kwanza Mei 2021. Bandari ni uwanja uliofungwa, ardhi tambarare, hakuna punda, hakuna watoto wa madrasa. Mahali kama hapo ndipo gari lisilo na dereva linapostawi: Rotterdam walianza kuyatumia kubeba makontena tangu 1993. Makuli wa zamani walibeba gunia kwa gunia, kontena likawaondoa, na sasa anayebeba kontena naye anaondolewa. Wanaozungumza na serikali kuhusu ajira za vijana wa Lamu bandarini waulize leo ni kazi gani zitabaki za mikono na ni nani anafunzwa kutengeneza mitambo. Likiulizwa mashine zikishashushwa, litakuwa limechelewa.

Mwanangu anataka kutengeneza roboti. Aanzie wapi?

Hesabu, fizikia na umeme, na asikae akitazama video tu. Mlete kibandani baada ya Alasiri. Nina printa tatu mbovu nilizopewa na ofisi moja iliyohama. Ndani ya kila moja mna mota inayozunguka kwa hatua, kidogo kidogo, na kiukanda cha plastiki chenye mistari myembamba ambacho jicho la mwanga hukisoma ili kichwa cha wino kijue kimefika wapi. Mota, na kitu cha kuiambia mota iko wapi: goti la roboti limeanzia hapo. Wiki iliyopita msichana wa darasa la saba aliichomoa moja, akaiunganisha na betri ya simu kupitia kibao kidogo cha kudhibiti mota, akaifanya izunguke robo mzunguko na kusimama. Akairudisha. Akaizungusha tena. Aliendelea hivyo mpaka adhana ya Magharibi.